Sweta Kwenye Jua

Itiryo, Tarime
14 Januari 2024

Kwa mume wangu Werema,

Habari za huko Mugumu? Mkeo huku mzima, ila goti la kulia linanisumbua kila mvua ikitaka kunyesha. Ng'ombe wazima. Kijivu amezaa ndama jike, ana doa jeupe usoni. Sijampa jina, nakusubiri wewe umpe, kwa sasa tunamwita "wewe". Rafiki yako Nyamhanga amerefuka mpaka suruali zote zimemkimbia. Baba yako anakusalimia sana kutoka Migori, anasema kazi nyingi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, mama yako anaweka sauti ya juu kwa kuwa sehemu ya sikioni imekufa. Nasikia sahani, nasikia wateja wa mgahawa wake wanagombania pilipili, halafu wewe unasema "ndiyo bibi, sawa bibi" kama karani wa mahakama. Sikukulea miaka tisa nije kuongea na karani! Basi chukua kalamu. Mimi nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa, usinione mzee. Barua mpe Sadock, konda wa basi la Tarime. Ataiacha dukani na bodaboda wataniletea.

Picha ya Krismasi aliyotuma mama yako Ester imefika. Nimeisafishia Tarime mjini na kuitundika ukutani, mbele ya mlango, kila aingiaye aione. Loo, umenawiri, mume wangu! Mashavu hayo! Wanawake wa kanisani wamepita wote kukutazama. Nimewaambia, mnaona mtoto wa watu anavyotunzwa? Roho yangu imetulia. Siku ulipopanda basi kwenda kuishi kwa mama yako ulikuwa mbavu tupu, nikalia wiki nzima nikidhani mji utakumaliza.

Sasa sikia. Huu ni mwaka wa tohara. Desemba mtatahiriwa wewe na Nyamhanga na wenzenu wote mliochunga ndama pamoja, na mimi nitakuita mura, kijana kamili, mbele za watu. Shuka yako nimeshanunua. Miaka miwili hujakanyaga hapa. Mke wako anazeeka peke yake.

Ni mimi,
Bibi Bhoke


Mugumu, Serengeti
2 Februari 2024

Kwa mpendwa bibi,

Shikamoo bibi. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, naendelea vizuri na masomo ya darasa la sita. Mama hajambo, mgahawa haujambo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba barua yako nimeipata.

Mama anasema nikwambie ninashinda na sweta la shule hata Jumamosi na jua lote hili, labda wewe utanisema nisikie. Mimi sioni shida. Ni sweta tu.

Bibi, ile picha si unaweza kuitundika chumbani kwako?

Huyo ndama anafanana na Kijivu au na baba yake? Bado nafikiria jina. Je, ule mkuyu wa mtoni tulipokuwa tunaficha viatu bado upo? Mbwa bado anakusindikiza kanisani na kulala chini ya benchi?

Sina mengi. Wasalimie wote.

Mjukuu wako,
Werema Erasto


Itiryo
25 Februari 2024

Mume wangu,

Mimi mzima, goti lile lile. Mvua imechelewa, tumepanda mtama kwanza. Mbwa bado anakuja kanisani, Jumapili iliyopita alipiga chafya katikati ya maombi na mchungaji akamwambia "ubarikiwe". Mkuyu upo. Baba yako anakusalimia.

Barua gani ile? "Dhumuni la barua hii"! Umeandikia ofisi ya ardhi? Umeuliza habari za ndama, za mti na za mbwa, habari zako hakuna hata mstari. Unacheza nini huko? Rafiki yako nani? Ukiamka asubuhi unafikiria nini? Hapa ulikuwa unaongea mpaka nakuomba unyamaze nikoroge ugali kwa amani. Siku hizi nakoroga kwa amani na sipendi hata kidogo.

Na hilo sweta la nini? Una malaria? Mwambie Ester akupime. Mtu anayesikia baridi Mugumu ana homa au ana siri.

Picha haitoki ukutani. Nimempa Sadock samli kopo moja. Weka kwenye ugali, kula, ushike nguvu. Desemba si mbali, na kijana anatakiwa asimame imara mbele ya kisu, si kuyumba kama kuku aliyenyeshewa.

Nimekukumbuka sana. Jioni nikifunga ndama bado naita "Werema, kamata kamba", halafu nakumbuka kwamba hakuna mtu.

Bibi yako


Mugumu
9 Mei 2024

Shikamoo bibi,

Pole na goti. Samahani nimechelewa, tulikuwa na mitihani, halafu mama alikuwa ananituma sana. Samli ilifika. Mama amefurahi, ameweka kwenye wali wa wateja. Hapa mvua ilikuwa kubwa. Mama amenunua jiko jipya la chipsi. Sina malaria, nilipimwa.

Umeniuliza nacheza nini. Nikitoka shule nakaa mgahawani, meza ya mwisho karibu na kreti za soda, mpaka mama afunge. Nafanya hesabu. Mama ananiletea chipsi, mandazi, chochote kilichobaki. Anasema mtoto wa mwenye mgahawa akikonda, watu watasema chakula kibaya. Kwa hiyo nakula.

Bibi, nataka kukuuliza kitu lakini usikasirike. Kuna mwenzetu darasani alitahiriwa hospitali. Aliingia na mama yake, kuna pazia, kuna daktari mmoja tu, akatoka. Je, na mimi naweza kufanya hivyo huku huku, nisije Desemba? Naomba usimwambie Nyamhanga.

Werema


Itiryo
21 Mei 2024

Werema,

Nimepata barua yako. Hapa hatujambo. Mtama umerefuka.

Ulichouliza nimekisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Mjukuu wangu mimi, anaogopa kisu? Nyamhanga ni mdogo kwako kwa miezi minne na anahesabu siku. Shuka imenunuliwa. Watu wote wanajua unakuja.

Kuna mambo katika nyumba hii huyajui na sitaki uyajue. Usiniulize tena habari ya pazia.

Bhoke


Mugumu
18 Agosti 2024

Shikamoo bibi,

Natumaini goti limepata nafuu. Miezi mitatu hujaniandikia na mimi sikukuandikia. Nilianza barua nne nikazichana. Mama anaendelea vizuri, isipokuwa wiki hii analia lia. Nitakwambia kwa nini.

Juma lililopita nilianguka kwenye gwaride. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na sweta, na nilikuwa sijala tangu juzi yake. Chakula nilikuwa nampa mbwa wa fundi baiskeli. Nilitaka Desemba ifike nimekonda.

Bibi, siogopi kisu. Kisu ni mara moja tu. Naogopa kuvua shati.

Mwaka jana mwezi wa kumi walikuja watu kutupima afya. Mizani yao ilikuwa mbovu, mwalimu akaleta ile ya kupimia magunia kutoka stoo. Kila mtu alisimama juu, mwalimu anasoma kwa sauti, mwingine anaandika. Mimi nikasomwa kilo sabini na moja. Mtu mmoja akasema, "Hilo ni gunia!" na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo naitwa Gunia. Nikipita wanainama kama makuli, wanasema "haya, inua, moja, mbili!" Hata wa darasa la pili. Mwezi wa sita kuna siku nilikuwa naaga naenda shule, kumbe nakaa nyuma ya kiwanda cha mbao mpaka saa saba. Mama alikuwa hajui.

Nikila, kichwa kinanyamaza kidogo. Nikimaliza, kinaanza tena, kinasema Gunia. Halafu najichukia kwa sababu nimekula, halafu nakula tena. Sijui kama umenielewa. Hata mimi sijielewi.

Nilipoanguka walinipeleka zahanati. Kuna muuguzi anaitwa dada Winfrida. Nilidhani atanipandisha mizani. Hakunipandisha. Hakuniambia nivue sweta. Alinipa uji akaniuliza, unalala? Nikasema kidogo. Unacheza na nani? Nikasema na bibi yangu, kwa barua. Akauliza barua ya mwisho ilikuja lini, nikalia, bibi, mbele ya watu. Alimwambia mama, "Uzito tutashughulika nao polepole, ila huyu mtoto ana huzuni, na huzuni yake inauma kama kidonda." Mama akasema, "Huzuni gani, na chakula chote hiki?" Dada Winfrida hakumgombeza. Alimwambia ndiyo maana inabidi tuongee.

Kuanzia sasa nitakuwa naenda kwake kila Alhamisi. Yeye ndiye aliyesema nikuandikie ukweli, hata kama utakasirika.

Nakukumbuka. Nakumbuka tulivyokuwa tunavuka mto kifua wazi, mimi na Nyamhanga, na hakuna aliyeniangalia. Siwezi kusimama mbele ya kijiji kizima na shuka tu. Watanitungia wimbo.

Werema


Itiryo
30 Septemba 2024

Werema wangu,

Barua yako niliipata juzi. Sadock aliugua, barua zikakaa wiki nne chini ya kiti cha basi pamoja na spana na vifaranga wa mtu. Kwa hiyo muda wote huo ulikuwa unanisubiri na mimi nilikuwa hapa navuna mtama, nikinuna, nikisema acha akae huko na pazia lake. Nisamehe. Mungu anisamehe na yeye.

Sitakuandikia habari za ng'ombe leo. Wazima.

Nimesoma barua, nikaenda kuketi mbele ya ile picha. Miezi tisa nimeiangalia, haki ya Mungu, na nilikuwa naangalia mashavu. Sijawahi kuangalia mikono. Mikono yako yote miwili imeshika sweta mbele, inalivuta lisiguse tumbo. Na macho hayako kwa mpiga picha, yako mlangoni, kama mtu anayetafuta pa kutokea. Nimewaita wanawake wa kanisa zima waje kuona mtoto mwenye huzuni, nikawaambia amenawiri. Sisi huku tumezoea kuogopa njaa. Mtoto akinenepa tunajua ameshinda, hatuulizi tena. Na wewe uliniomba niitoe, nikakataa! Nimeitoa. Ipo kwenye Biblia yangu.

Sasa lile jambo nililosema sitaki ulijue.

Baba yako Erasto alitikisika. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba kuliko mwiko. Kisu kilipomgusa alirudi nyuma hatua moja na kupiga kelele. Hatua moja tu, Werema. Wakamtungia wimbo siku ile ile, na wimbo ukakaa. Akienda kisimani wanauimba. Alipooa, mlevi mmoja akauimba harusini. Aliacha kula na watu, akaacha kucheka, mimi nikasema atazoea, mwanaume huzoea. Ulipokuwa na miaka miwili alivuka mpaka pale Sirari, akaenda. Harudi. Hapigi simu. Zile salamu nilizokuwa nakuandikia kila barua, nilizitunga mwenyewe.

Na nikwambie lililo baya zaidi. Siku ile ya wimbo, na mimi niliimba. Wanawake waliimba, wote wakanigeukia kuona kama mama yake atanyamaza. Nikaogopa macho yao, nikafungua mdomo. Erasto aliniona. Kwa hiyo uliponiuliza habari ya pazia, sikukusikia wewe, nilisikia wimbo ule, nikakimbia.

Dada Winfrida nakuomba umsalimie. Na mama yako usimlaumu, anakulisha kwa sababu anakupenda, ndivyo nilivyomfundisha mimi mwenyewe alipoolewa hapa.

Kisu kitasubiri. Ukitaka hospitali, nitakusindikiza na nitaketi mlangoni na fimbo. Ukitaka kusubiri miaka miwili, sawa. Shuka nimeikunja. Ila njoo nyumbani, mume wangu. Sikuiti tohara, nakuita nyumbani tu.

Bibi


Mugumu
3 Novemba 2024

Shikamoo bibi,

Goti linaendeleaje? Mama anakusalimia. Amehamisha meza yangu, sasa nakaa mbele anapokatia kachumbari, tunaongea wakati anakata. Jioni tunafunga mapema, tunatembea mpaka kisima cha juu na kurudi. Mwanzoni alikuwa anahema kuliko mimi, tukacheka sana. Hanipimi. Dada Winfrida alikwenda shuleni kuongea na mwalimu mkuu, na ile mizani imerudi stoo. Bado wapo wanaosema Gunia, lakini kuna msichana mmoja aliwaambia waache, na waliacha siku mbili nzima.

Kuna siku nzuri na kuna siku mbaya. Siku mbaya bado sitaki kuamka. Nimeambiwa nikuandikie na hilo.

Nimesoma habari za baba mara nyingi. Mwanzoni nilikasirika kwa ajili ya zile salamu. Nilikuwa nazihesabu. Halafu nikafikiria wewe ukiketi kuzitunga. Bibi, unajua alipo? Nataka kumwambia kwamba mimi sijausikia huo wimbo na sitaki kuujua.

Nataka kuja. Ninataka sana mpaka ninaota harufu ya zizi. Lakini Desemba watu watajaa, wenzangu wote watakuwa wametahiriwa, watavaa vizuri na watapita wakiimba, na mimi nitashuka kwenye bodaboda hivi nilivyo. Siwezi kuvua sweta. Bado. Na Itiryo nzima wataniangalia wakisema, huyu anavaa sweta kwenye jua, ana nini? Hilo ndilo linalonishinda, bibi. Nikifikiria hilo tu, jasho linanitoka.

Niambie kama nisubiri mwaka mwingine. Hutakasirika?

Werema


Itiryo
1 Desemba 2024

Mume wangu,

Goti limekataa dawa zote. Nyamhanga anatahiriwa wiki ijayo. Nilimwambia huji kwa kisu, unakuja kwa bibi, akasema, "Sawa tu, mradi aje, nani atanisaidia kuficha viatu?" Mtoto yule hana akili na nampenda. Ndama sasa ana pembe na bado anaitwa "wewe". Akiitwa hivyo watu wanageuka wote. Mwenye kumpa jina ni mmoja.

Baba yako najua alipo. Nimempelekea neno kwa wafanyabiashara wa Sirari, nimeandika uliyosema, mstari ule ule, sikuongeza kitu. Hajajibu. Sitakutungia jibu.

Sasa habari ya sweta. Usisubiri mwaka. Njoo nalo.

Unalikumbuka lile langu la kijani, zito, nililonunua mnadani mwaka wa baridi ile, lina vifungo vya kila rangi? Nimelitoa sandukuni. Nimelivaa tangu Jumatatu. Nimelivaa shambani, nimelivaa kisimani, leo nimelivaa kanisani saa saba mchana, jua linapasua mawe na jasho linaingia machoni, hata mbwa amehama benchi. Walianza kunong'ona. Halafu wakauliza, "Mama Erasto, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Sasa sweta la nini?" Nikasema la kwangu, nimelinunua kwa jasho langu, na sasa nalitolea jasho. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watoto wananifuata njiani. Kuna mmoja ameshaanza kunitungia wimbo, na si mbaya, unachezeka.

Wacha wacheke. Nimehesabu siku. Leo walicheka kidogo kuliko jana. Shule ikifungwa na wewe ukashuka hapa, watakuwa wamechoka kabisa, hakuna atakayegeuza shingo kutazama sweta Itiryo hii. Watasema tu, ni watu wa nyumba ile.

Nitakuwa njia panda na langu. Usichelewe, mume wangu, nachemka.

Mkeo,
Bhoke